Pato la Taifa: yasemwayo barazani na yaliyomo kwenye hesabu

Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 5.7 mwaka 2023 na asilimia 4.7 mwaka 2024. Takwimu za namna hii zikishasomwa redioni, pale Mkunguni mjini Lamu au sokoni Malindi huzuka kauli mbili: ama uchumi umeanguka, ama tunadanganywa. Ya kwanza si kweli. Ya pili haifai kutupwa hivi hivi, maana anayeisema ameona bei ya unga na petroli kwa macho yake. Tatizo ni kwamba anachopima yeye na kilichopimwa na KNBS, yaani Pato la Taifa, thamani ya vinavyozalishwa nchini, ni vitu viwili tofauti.

Dhana: Ukuaji ukipungua, uchumi umepungua

Uchumi wa shilingi 100 ukikua kwa asilimia 5.7 unafika 105.70. Mwaka wa pili ukikua kwa asilimia 4.7 unafika 110.67. Umepanda miaka yote miwili; kilichopungua ni mwendo. Uchumi uliopungua hasa ni wa mwaka 2020, wakati wa korona, uliposhuka kwa asilimia 0.3.

Mwaka uliofuata ukuaji ulizidi asilimia 7, na hapo pia watu walipotoka upande wa pili kwa kushangilia kupita kiasi. Hoteli ya Watamu iliyokuwa ikipokea wageni 1,000, ikapokea 500, imeshuka kwa asilimia 50. Ikipata 750 mwaka unaofuata, imekua kwa asilimia 50, na bado wageni 250 hawajarudi. Baada ya mwaka mbaya, asilimia ya ukuaji isisomwe peke yake; isomwe pamoja na ya mwaka uliotangulia. Wala asilimia za miaka tofauti hazijumlishwi: kukua kwa asilimia 5 miaka mitatu mfululizo ni asilimia 15.8, si 15.

Dhana: Pato la Taifa ni pesa zilizo hazina

Hazina hukusanya kodi, na kodi ni sehemu ndogo tu ya pato hilo. Pato la Taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya nchi katika kipindi fulani, mwaka au robo mwaka, awe aliyezalisha ni serikali, kampuni au mwenye dau moja Kizingitini.

Dhana: Hupatikana kwa kujumlisha mauzo yote nchini

Tuchukue samaki wa siku moja, kwa bei za mfano. Wavuvi wanamuuzia tajiri, yaani mfanyabiashara wa samaki, kwa shilingi 2,000, baada ya kutumia 800 za petroli, barafu na chambo. Tajiri anaongeza 300 za barafu na usafiri, anauzia hoteli kwa 2,900. Hoteli inatumia 900 nyingine za mchele, mafuta na gesi, inauza sahani za 6,000.

Ukijumlisha mauzo hayo matatu unapata 10,900, na samaki yule yule amehesabiwa mara tatu. Kinachohesabiwa ni kile alichoongeza kila mmoja: wavuvi 1,200, tajiri 600, hoteli 2,200. Jumla 4,000. Zile 2,000 zilizobaki, yaani 800 na 300 na 900, ni za waliotengeneza barafu, waliolima mchele na wengineo, na huhesabiwa kwao kama wako nchini. Petroli iliyotoka nje haiingii kwenye pato letu. Kinachoingia ni faida na malipo ya walioisafirisha na kuiuza hapa.

Dhana: Shilingi zikiongezeka, uchumi umekua

Hapa ndipo penye utata mkubwa kuliko pote, na ni vyema tutulie.

Kila mwaka pato hupigwa hesabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa bei za mwaka husika, yaani bei zilizokuwa sokoni mwaka huo. Mara ya pili kwa bei za mwaka wa kizio, ambapo kiasi cha leo kinazidishwa kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa. Kwa Kenya sasa mwaka huo ni 2016. Asilimia ya ukuaji inayotangazwa hutokana na hesabu ya pili.

Tuseme kisiwa kinazalisha vitu viwili tu. Mwaka 2016 kilitoa kilo 1,000 za samaki kwa shilingi 300 kila kilo, na safari 2,000 za boti kwa shilingi 100 kila safari: 300,000 na 200,000, jumla 500,000. Mwaka 2024 kilitoa kilo 900 kwa shilingi 600, na safari 2,600 kwa shilingi 150: 540,000 na 390,000, jumla 930,000. Kwa bei za kila mwaka, pato limepanda kwa asilimia 86. Sasa chukua kiasi cha 2024 uzidishe kwa bei za 2016: samaki 270,000, safari 260,000, jumla 530,000. Ukuaji ni asilimia 6 kwa miaka minane yote. Zilizobaki ni bei. Ukigawanya 930,000 kwa 530,000 unapata 1.755, yaani bei za vinavyozalishwa kisiwani zimepanda kwa asilimia 75.5. Kipimo hiki cha mabadiliko ya bei huitwa fahirisi ya Pato la Taifa.

Fahirisi hiyo si ile ya mfumuko wa bei inayotangazwa kila mwezi. Fahirisi ya bei za walaji hupima kapu la mnunuzi, na kapu hilo lina ngano na mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Fahirisi ya Pato la Taifa hupima bei za vilivyozalishwa nchini, ikiwemo mitambo na majengo ambayo mama wa nyumbani hanunui. Mwaka ambao bidhaa za nje zimepanda sana, kapu laweza kuuma na fahirisi ya pili isitikisike sana. Mwenye kuchukua pato la mwaka na kuligawa kwa fahirisi ya walaji hupata ukuaji usio sahihi, na kosa hili hurudiwa hata magazetini.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi. Boti imevua kilo 100 kwa shilingi 200 kila kilo, ikachoma lita 50 za petroli kwa shilingi 100: imeongeza thamani ya 15,000. Mwaka wa pili kilo ni zile zile, lita ni zile zile, bei ya samaki haikubadilika, ila petroli imefika 180. Sasa thamani ni 11,000. Mhesabu akisahihisha, yaani akiondoa mabadiliko ya bei, kwa bei ya samaki peke yake, ataandika kwamba uvuvi umeshuka kwa asilimia 27, ilhali hakuna samaki hata mmoja aliyepungua. Njia iliyo salama ni kusahihisha mara mbili: mauzo kwa bei ya samaki, matumizi kwa bei ya petroli, ndipo utoe. Ugumu ni kwamba inahitaji bei za pembejeo za kila sekta, na nchi nyingi hazina takwimu hizo za kutosha. Mvuvi amepoteza shilingi 4,000, hilo ni kweli na linauma. Lakini hilo ni suala la kipato chake, si la kiasi alichozalisha.

Dhana: Kubadilisha mwaka wa kizio ni ujanja wa serikali

Rudi kwenye kisiwa chetu. Badala ya bei za 2016, tumia za 2024 kwa miaka yote miwili. Uzalishaji wa 2016 unakuwa 900,000, wa 2024 ni 930,000. Ukuaji si asilimia 6 tena, ni 3.3. Hakuna aliyeongopa. Samaki wamekuwa na uzito zaidi kwenye hesabu kwa sababu bei yao imepanda kuliko nauli, na samaki ndio waliopungua.

Bei na uzito wa sekta huchakaa. Septemba 2014 Kenya ilitoka kwenye bei za 2001 ikaenda za 2009. Mwaka 2001 hapakuwa na M-Pesa, iliyoanza 2007, na simu za mkononi zilikuwa za wachache. Hesabu mpya ilipokamilika, uchumi ulionekana mkubwa kwa takriban robo kuliko ulivyodhaniwa, na Kenya ikaingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Nigeria, miezi michache kabla, ilihama kutoka 1990 hadi 2010, pato lake likapanda kwa asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Hakuna aliyetajirika usiku ule. Shughuli zilikuwapo, hazikuwa zikionekana. Septemba 2021 Kenya ikahamia 2016, na safari hiyo ukuaji wa 2019 ulirudi nyuma, kutoka asilimia 5.4 hadi karibu 5. Ujanja gani huo wa kujipunguzia sifa?

Hatari ipo kwa msomaji: kuchukua pato la 2012 kutoka kitabu cha zamani na la 2022 kutoka kipya, kisha kutoa moja kwa jingine. Njia ni kutafuta mwaka uliomo kwenye mifululizo yote miwili, kugawa thamani mpya kwa ya zamani, na kuzidisha miaka yote ya nyuma kwa jibu hilo. Ukifanya hivyo sekta moja moja, zikijumlishwa hazitalingana kamili na jumla kuu. Tofauti hiyo ni ya kawaida, isilazimishwe.

Dhana: Robo hii ni ndogo kuliko iliyopita, kwa hiyo mambo ni mabaya

Pwani inajua hili kuliko bara. Kusi ikivuma, Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka na vyombo vidogo hulala. Masika yakianza, mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hukosa jua la kuvunia, na hoteli kadhaa hufunga Mei na Juni. Robo ya pili ikilinganishwa na ya kwanza itaonekana ni msiba kila mwaka. Ndiyo sababu ukuaji unaotangazwa hulinganisha robo na robo ile ile ya mwaka jana.

Hata hivyo kalenda ya Kiislamu haifuati robo hizi. Hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Iddi ya mfungo wa Ramadhani ilikuwa Aprili mwaka 2024, na 2025 ikaangukia mwishoni mwa Machi. Pilikapilika za wiki ya mwisho, nguo, vyakula, nauli za wanaorudi nyumbani, zikahama kutoka robo ya pili hadi ya kwanza. Kwa taifa zima athari ni ndogo. Kwa Lamu ni kubwa, na yeyote anayefuatilia biashara za mji huu kwa robo mwaka akumbuke kurekebisha.

Dhana: Asiye na risiti hahesabiwi

Wenye punda, mama karanga, mafundi wa majahazi wa Matondoni: wote wamo. Sekta isiyo rasmi ina zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya nje ya kilimo kidogo, na kuiacha kungeifanya hesabu isiwe na maana. Hukadiriwa kwa tafiti za kaya na za biashara ndogo, kisha makadirio yanasogezwa mbele kila mwaka hadi utafiti mwingine. Udhaifu uko hapo: utafiti ukikawia miaka kumi, kinachosogezwa ni picha ya zamani.

Samaki aliyeliwa nyumbani na mvuvi huhesabiwa. Mwenye nyumba anayeishi mwenyewe huhesabiwa kana kwamba anajilipa kodi ya pango. Kuchota maji na kuokota kuni, kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2008 zinaruhusu viingizwe, ila kuvipima ni shida. Kupika, kufua na kulea bila malipo haviingii kabisa. Hili ni pengo la kweli, na mzigo wake mkubwa wanaubeba wanawake.

Dhana: Bandari imejengwa, kwa hiyo pato la Lamu litaendelea kupanda

Wakati gati zikijengwa, kazi ya ujenzi yenyewe ilikuwa ikihesabiwa. Gati ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021. Ujenzi ukiisha, kazi ile hutoka kwenye hesabu, na kinachobaki ni huduma za meli na mizigo. Zikiwa chache, kaunti yaweza kuonyesha kushuka huku bandari imesimama pale pale. Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Uchumi mdogo namna hiyo hutikiswa na mradi mmoja. Tena pato la kaunti, lililochapishwa mara ya kwanza 2019 kwa miaka ya 2013 hadi 2017, kwa sehemu kubwa hupatikana kwa kugawa takwimu za taifa kwa viashiria vya kila kaunti. Linafaa kuonyesha mwelekeo wa miaka kadhaa. Kubishania nusu asilimia kati ya Lamu na Kilifi kwa mwaka mmoja ni kulitwisha lisichoweza.

Dhana: Pesa za ng'ambo zinakuza Pato la Taifa

Kijana aliye Oman akimtumia mamake shilingi 30,000, pesa hizo si Pato la Taifa, maana kazi ilifanyika Oman. Mama akimlipa fundi wa Malindi kuezeka makuti, kazi ya fundi ndiyo inayohesabiwa. Na hoteli ya Mwitaliano pale Malindi, yote inayozalisha ni pato la Kenya, hata faida ikienda Italia. Anayetaka kujua kinachobaki kwa wakazi aangalie jumla ya kipato cha taifa, ambayo huondoa faida iliyokwenda nje na kuongeza mishahara na faida ambazo wakazi wa Kenya wamezipata nje. Kisha agawe kwa idadi ya watu: uchumi ukikua kwa asilimia 4.7 na watu wakiongezeka kwa asilimia 2, kila mmoja ameongezewa kama asilimia 2.6 kwa wastani, na wastani hausemi ni nani aliyezipata.