"Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba" na mengine tunayoambiana msibani

Kwenye misiba yetu mstari wa Ayubu hauchelewi kufika: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Mchungaji anausoma, mwenyekiti wa jumuiya anaurudia, na mara nyingi unakuwa umechapwa kwenye ratiba ya mazishi. Ni mstari wa kweli nami naupenda. Lakini uko sura ya 1, na kitabu kina sura 42. Kufikia sura ya 3 mtu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa, na sura hiyo ni nadra kuisikia makaburini. Kwa kuiruka, tumezoea kusema juu ya mateso mambo ambayo Biblia haiyasemi, na wanaoumia ni wafiwa na wagonjwa wetu.

Dhana: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba

Wengi wanadhani hili ni andiko. Linalokaribia ni 1 Wakorintho 10:13, ambapo Paulo anasema Mungu hatawaacha watu wajaribiwe kupita wawezavyo. Ukisoma sura hiyo tangu mwanzo utaona anazungumzia majaribu ya kuingia dhambini: Waisraeli jangwani, sanamu, uasherati, manung'uniko. Hazungumzii saratani wala mtoto aliyefariki usingizini.

Kuhusu mzigo wake mwenyewe, Paulo aliwaandikia Wakorintho haohao katika waraka wa pili, sura ya 1 mstari wa 8, habari ya dhiki iliyowapata Asia: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mtume ndiye anayesema hivyo, na wala haombi radhi. Mstari wa 9 unaeleza alichokipata humo: alijifunza kutojitumainia nafsi yake, akamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Kwa Paulo, faida ya kiroho ilianzia pale nguvu zake zilipoisha.

Kwa hiyo anayemwambia mama aliyezika mwanawe kwamba "Mungu alijua una nguvu" anamwongezea kazi nyingine: sasa lazima aonekane ana nguvu mbele ya wageni. Paulo alifanya kinyume. Mstari wa 11 anawaambia Wakorintho kwamba na wao wanamsaidia kwa kuomba. Mzigo uliomzidi mtu mmoja ni wa kanisa zima, na Wagalatia 6:2 inaagiza hivyohivyo: mchukuliane mizigo.

Dhana: Ukiteseka, kuna dhambi au laana mahali fulani

Swali hili ni la zamani. Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu wa kuzaliwa, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kuwa si huyu wala hao (Yohana 9). Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa kuwa walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Rafiki zake Ayubu walianza vizuri mno. Walikaa chini pamoja naye siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, jinsi tunavyokaa matanga. Walipofungua vinywa kutafuta kosa lake ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Ayubu huyo ndiye aliyelalamika, akabishana, akadai kesi yake isikilizwe.

Ni kweli kuna taabu zinazotokana na matendo yetu, na Biblia haifichi. Lakini hilo ni la mtu na Mungu wake. Aliyekuja kumjulia hali mgonjwa hakutumwa kupeleleza laana ya ukoo, wala kumtajia kiasi cha sadaka ya kuivunja.

Dhana: Kulia ni kukosa imani

Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumfufua. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa shangwe mwishoni, na bado imo katika kitabu cha nyimbo za ibada. Paulo naye anawaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na matumaini. Hakuwakataza kuhuzunika.

Dhana: Kwenda hospitali ni kumwonea Mungu shaka

Paulo alisafiri na Luka, anayemwita tabibu mpendwa. Alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Hospitali za KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza zilianzishwa na makanisa. Sioni haja ya kubishana zaidi ya hapo. Meza dawa zako, na uombe.

Dhana: Kila mateso ni msalaba wako, vumilia tu

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu neno hili limewarudisha wanawake wengi kwenye nyumba wanazopigwa. Msalaba ambao Yesu anautaja katika Marko 8:34 ni gharama ya kumfuata yeye. Ngumi za mume mlevi si gharama ya kumfuata Kristo. Ni dhambi ya mume, na kanisa linapaswa kumwambia hivyo usoni.

Paulo alitoroka Dameski kwa kuteremshwa ukutani ndani ya kapu. Kule Filipi yeye na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, na tunalihubiri hilo kila mwaka. Hatufiki kulipokucha: maofisa walipotaka kuwatoa kimyakimya, Paulo alikataa. Alisema wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi, basi waje wenyewe kuwatoa. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi.

Afrika Mashariki tunaye Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Siku chache baadaye aliuawa. Yake yaliitwa mateso kwa ajili ya Kristo kwa haki kabisa, na yalimpata kwa sababu hakukaa kimya juu ya mateso ya wengine.

Dhana: Mateso yenyewe humtakasa mtu

Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, nao huleta tumaini. Tukiishia hapo tutadhani kila anayeumia lazima atoke akiwa bora, kumbe wapo wanaotoka wamevunjika au wamejaa chuki. Mstari wa 5 unataja anayefanya kazi hiyo: Roho Mtakatifu, anayemimina upendo wa Mungu mioyoni. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Hakuyapenda maumivu. Alimpenda Baba, akabaki naye ndani ya maumivu.

Dhana: Ushuhuda ni wa aliyekwisha kuvuka

Makanisani tunamkaribisha mbele aliyepona, aliyepata kazi, aliyejifungua baada ya miaka ya kungoja. Tunafurahi naye, na ni vema. Lakini Paulo alikuwa na taabu mwilini aliyoiita mwiba. Aliomba mara 3 mwiba huo uondolewe, na haukuondolewa. Alichopewa ni neno: "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Aliusimulia mwiba ungali mwilini, na kanisa limeupokea kama Maandiko. Kwa hiyo mzee anayekuja ibadani na fimbo yake Jumapili baada ya Jumapili, ambaye ameombewa mara nyingi na miguu haijapona, naye ana la kusema. Apewe kipaza sauti.