Hali ya mahali: kwa nini chumba kimoja hukutuliza na kingine hukuchosha

Kuna nyumba ya wageni ambayo ukiingia tu, moyo unatulia. Kuna nyingine ya bei ileile, unalala usiku kucha na bado unaamka umechoka. Tofauti hiyo ndiyo hali ya mahali: jinsi mwanga, joto, sauti, harufu na mpangilio wa vyumba vinavyoungana na kumgusa mtu kabla hata hajaangalia vizuri alipo. Wengi huidhani kuwa ni mapambo. Mapambo yamo, lakini huja mwisho, tena mara nyingi ndiyo yenye nguvu ndogo kuliko vyote.

Anayetaka kuielewa aingie nyumba kongwe ya mawe ya Lamu. Mgeni hufikia kwanza dakani, pale mlangoni penye viti vya mawe kulia na kushoto. Hapo hukaa, husalimiana, jasho likamkauka. Akikaribishwa ndani hupita tekani, kile kijiukumbi cha nyuma ya mlango, na njia hupinda, hivyo aliye nje haoni kitu kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwandani ndipo zinapofuatana kumbi mbili, msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu), kisha ndani, yaani chumba cha faragha zaidi. Kila unapoingia chumba kingine sakafu imeinuka kidogo na mwanga umepungua. Hakuna anayekuambia ushushe sauti, ila utaishusha.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari pana, kwa hiyo upana wa chumba hukomea karibu mita 3. Fundi alibanwa na mti, akafanya kinachowezekana, na ufinyu ule ukageuka faragha. Kuta za mawe ya matumbawe, unene wake kama dhiraa moja, huchelewesha joto la mchana. Chokaa nyeupe huusambaza mwanga mdogo uliopo, na zile zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, hulipatia jicho pa kutembelea. Hata chooni kulifikiriwa: birika la maji lilifugiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Usingizi bila mbu nao ni hali ya mahali, ingawa majarida ya hoteli hayaupigi picha.

Unguja kuna mfano mwingine, Hamamni, bafu la umma la mtindo wa Kiajemi lililojengwa zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mtu hakurukia maji tu. Palikuwa na pa kupokelewa, pa kunyolewa, kisha vyumba vya joto na vya baridi, na maji ya moto yakipitishwa chini ya sakafu. Mwili ulipewa muda wa kuzoea hatua moja kabla ya kupelekwa nyingine. Spa nyingi za leo zina mafuta na taulo za bei, lakini zinakutoa barabarani na kukulaza kitandani dakika hiyohiyo, masikio bado yamejaa honi.

Hospitali nazo zimo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Wagonjwa 46 si wengi, tusiufanye utafiti huo msahafu. Ila wajenzi wa hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa 2011, walifuata njia hiyohiyo: katika wodi zake vitanda vimegeuzwa kuelekea madirishani, na korido zimewekwa nje ili wagonjwa wasisongamane penye hewa nzito na kuambukizana kifua kikuu. Dirisha moja, kazi mbili.

Ndiyo maana hoteli zinazobandika mlango wa nakshi mapokezi huniudhi kidogo. Mlango mzuri, sawa, lakini sakafu ni vigae vinavyong'aa na kurudisha kila sauti, televisheni inapiga kelele, na juu kuna taa nyeupe kama ya duka la dawa. Pesa imekwenda kwenye kinachoonekana pichani.

Mwenye gesti ndogo asiye na mtaji mkubwa aanze na balbu: ya mwanga wa manjano, ile inayoandikwa 2700K kwenye boksi, pembeni mwa kitanda badala ya katikati ya dari. Halafu pazia zito, na zulia au mkeka wa kumeza sauti. Udi usubiri, harufu nzuri juu ya godoro lenye unyevu haimdanganyi mtu. Jenereta nayo iondolewe chini ya dirisha la chumba namba moja, maana ndipo wageni wengi hupelekwa kwanza.