Joto lote hili, mtoto ataona baridi gani?

Bibi mmoja wa Pemba aliniuliza hivyo wodi ya wazazi, mwezi wa Machi, umeme umekatika na jasho linatutiririka sote. Nikamwomba aguse nyayo za mjukuu wake, aliyezaliwa nusu saa nyuma. Zilikuwa baridi kama mtungi.

Tumboni mtoto amezoea nyuzi 37 hivi. Anatoka amerowa, na maji yakikauka ngozini yanaondoka na joto lake. Chumba cha nyuzi 28 kwetu ni fukuto, kwake ni kipupwe. Tena sisi tukiona baridi tunatetemeka na misuli inatupasha. Kichanga hilo haliwezi. Yeye ana jiko lake, nalo ni mafuta ya kahawia.

Yamekaa baina ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Mafuta meupe, haya yanayotubana viunoni, ni ghala. Ya kahawia ni ya kuunguzwa: seli zake zimesheheni mitokondria, vinu vya nishati vyenye madini ya chuma, na chuma hicho kinachangia rangi yake.

Katika seli nyingine, mitokondria huunguza chakula na kusukuma protoni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, upande mmoja wa utando wake, mfano wa maji yaliyozuiliwa bwawani. Zikirudi kwa mlango wake, seli hupata nishati ya kufanyia kazi. Seli ya kahawia ina protini iitwayo UCP1, nayo ni mlango wa uani. Protoni zikipita humo hakuna kazi inayofanyika, nishati inageuka joto tu. Ni gari ya abiria iliyowashwa stendi ya Chake bila kutiwa gia: haiendi popote, boneti inachemka, na mafuta yanakwisha.

Huko kwisha ndiko kunakonitia hofu. Ngozi ikipoa, ubongo huamrisha mishipa ya fahamu itoe kemikali iitwayo noradrenalini, jiko linawaka, na likiwaka linakula sukari na oksijeni. Mtoto akiachwa na baridi muda mrefu, sukari hushuka, ananyonya kwa unyonge, hata kulia hawezi. Na hapo ndipo jamaa husema, "Mashaallah, mtoto mtulivu huyu!" Njiti ana hatari zaidi, maana amezaliwa kabla ya kuweka akiba ya kutosha.

Watu wazima nao wana mafuta haya ya kahawia kidogo, shingoni na juu ya mitulinga. Mwaka 2009 tafiti kadhaa zilithibitisha hilo kwa picha. Huchangamka mtu akikaa penye baridi, yakaunguza sukari na mafuta ya damu, na kwa wanene huonekana machache. Kuna wanaoniuliza dawa ya kuyaamsha wapungue mwili. Anayekuuzia chai ya kazi hiyo, mwache na chai yake.

Kichanga akaushwe mara tu, kitambaa kilichorowa kitolewe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na kanga kavu juu. Kumkogesha kungoje saa 24, hata kama bibi ameshateleka maji. Kipimajoto kikisoma chini ya 36.5, amepoa. Huna kipimajoto, gusa. Nyayo baridi na tumbo lina joto, mrudishe kifuani na umnyonyeshe. Tumbo nalo likiwa baridi, mlete hospitali usiku huo huo, na njiani abaki kifuani kwa mama.