"Tip" ya Kiingereza si kifupisho

Wengi tumesikia kwamba "tip", ile bakshishi anayoachiwa mhudumu, ni herufi za mwanzo za "To Insure Promptness", yaani kuhakikisha huduma inakuja haraka. Ni maelezo matamu na yanakaa kichwani, ndo maana yamedumu.

Sasa neno lenyewe ni la zamani kuliko hiyo stori. Mwanzoni mwa karne ya 17 wezi na matapeli wa Uingereza walikua wanalitumia kwenye lugha yao ya mtaani kumaanisha kumpa mtu kitu, kumpenyezea, na kufika karne ya 18 tayari likawa linatumika kwa hela ya mhudumu, wakati mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo, kama rada, umeshamiri karne ya 20. Wengine wanaongeza kwamba kuhakikisha ni "ensure" sio "insure", hiyo mi siipi uzito maana zamani yalikua yanachanganywa.

"Tip" ya dokezo inaelekea imetoka hukohuko kwenye kupenyezeana. Ya ncha ya kidole ni neno lingine kabisa.

Kucheki ni rahisi, fungua kamusi ya Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno, utaikuta "tip" imeandikwa zaidi ya mara moja na kinamba kidogo pembeni, kila namba ni neno lenye ukoo wake, halafu angalia mwaka lilipoonekana kwanza. Ukikuta ni miaka ya 1600 na unaambiwa ni kifupisho, tilia shaka.