Mlima si tuta: kizuizi cha risasi cha bei nafuu kwa renji ya kijijini

Ukizunguka Mufindi, Kilolo au Rungwe hukosi mlima. Ndiyo maana wenye bunduki zenye leseni, hata askari wanyamapori wa vijiji, wakitaka kupima shabaha husimika boksi mbele ya mlima na kufyatua. "Utazuia tu," wanasema. Kazi yangu ni kufundisha shabaha, na mlima ambao haujachongwa siuamini.

Risasi ikikuta mteremko uliolala haizami. Huteleza ikapaa, kama kijiwe kinachorushwa juu ya maji ya bwawa. Ile ndogo ya .22 (kipenyo chake ni kama inchi 0.22) yaweza kwenda zaidi ya kilomita 1. Za bunduki za kuwindia hupita 3, na huko kuna watu wanapalilia viazi. Mawe ni mabaya zaidi. Siku moja kijijini tulipewa tuta la kifusi cha barabara. Risasi ya tatu ikagonga jiwe lisilozidi yai, ikalia juu ya vichwa vyetu ikirudi tulikotoka. Tulifunga mazoezi palepale.

Kwa hiyo chukua sululu. Baada ya polisi wa wilaya na serikali ya kijiji kuridhia eneo, chonga uso wa kilima usimame karibu wima, mita 3 kwenda juu, na upana uzidi shabaha za pembeni kwa mita 2 kila upande. Kisha upange mbele yake viroba vya mchanga uliochekechwa, safu yenye unene wa nusu mita au zaidi. Mchanga mkavu huzuia risasi kuliko udongo uliolowa, jambo ambalo wengi hulibishia mpaka waone wenyewe. Mvua zikianza Novemba, funika kwa turubai. Viroba vyenyewe huliwa na jua, vibadilishe vikianza kuchanika.

Kwa kingo za pembeni, mabanzi yanatosha. Mafinga yamejaa, hayana bei. Ila yasikae kwenye njia ya risasi, wala misumari, wala ringi za gari. Tairi tupu hurudisha risasi. Ukilazimika kuitumia, ishindilie udongo hadi ijae, na mbele yake viroba bado vinahitajika.

Shabaha isimame mita 1 au 2 tu kutoka kwenye tuta, chini kidogo ya katikati, ili anayekosea kwenda juu bado apige mchanga. Nyuma ya kilima pita kwa miguu kabla ya kufyatua. Njia za wachota maji hazionekani ukiwa umesimama kwenye mstari.

Kila baada ya mazoezi mengi, risasi hurundikana sehemu moja, na mpya ikigonga za zamani hupasuka na kurusha vipande. Fukua, chekecha, jaza mchanga upya. Risasi na madini yake huitwa jina moja, na madini hayo ni sumu. Vaa glavu, nawa kwa sabuni kabla ya kula, na tuta liwe mbali na kisima. Nimewahi kukuta kijana akiyayeyusha atengeneze chubwi za nyavu, kwenye sufuria ambayo jioni ilirudi jikoni kusongea ugali.