Oili nzito haiponyi presha ya chini

Taa ya oili ya Volkswagen Beetle ya zamani ikianza kuwaka injini ikiwa moto, ushauri wa haraka gereji ni mmoja: mwaga hii, weka nzito zaidi. Taa inazimika, na mwenye gari anaamini amepona. Hajapona.

Presha ni ukinzani tu ambao oili inaupata ikipenya nafasi nyembamba za beringi, yaani vyuma vinavyobeba shafti zinazozunguka ndani ya injini. Oili nzito inapandisha kipimo hata pale inapopita kidogo, na beringi inataka oili ipite.

Kwa Beetle kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Oili ikiwa nzito, presha inasukuma vali ya presha, ile inayoachia presha iliyozidi, ifunguke, na oili inakwepa kipoza oili, nyingine ikirudi chini bila kupozwa. Injini hii inapozwa kwa hewa na inabeba lita 2.5 tu za oili. Mimi naona hapo ndipo injini nyingi nzuri zinapouawa.

Kwa hiyo anza kwa kufunga geji ya kweli, inayoonyesha kiasi cha presha. Taa yenyewe huwaka presha ikiwa tayari imeshuka mno. Fungua vali ya presha, uone kama pistoni yake imekwama au springi imechoka. Safisha chujio. Pima pampu: nafasi kati ya gia na kifuniko isizidi milimita 0.1. Vyote vikiwa sawa na presha bado iko chini, beringi za krenki, shafti kuu ya injini, zimelika, na hapo injini lazima ifunguliwe.