Njoo na dera: maandalizi ya picha zako za kwanza za uanamitindo

Karibu kila anayenipigia simu kutaka picha za kwanza huanza na swali moja: "Kaka, nivae nini?" Mimi huanza na ngozi. Nguo utabadilisha palepale tunapopigia picha, Mikindani, mji mkongwe jirani na Mtwara, dada yako akikushikia khanga. Alama ya sidiria begani haibadilishwi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimpokea binti aliyeshuka basi la Newala asubuhi hiyohiyo, kavaa jinzi ya kubana na soksi ndefu. Alipovaa gauni lisilo na mikono, mistari miwili ilikuwa imechimba mabega yake, na juu ya vifundo vya miguu soksi zilikuwa zimeacha pete mbili. Tukakaa kusubiri. Alama zilipofutika, jua lilikuwa limeshapanda na mwanga niliomwitia umekwisha. Nilimwonea huruma, maana kosa lilikuwa langu: sikumwambia. Sasa nawaambia wote: njoo na dera pana na kandambili, na usivae cha kubana kuanzia unapoamka. Unayetoka Newala au Tandahimba, lala mjini.

Kuhusu mwanga sibembelezi. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tarehe 20 Oktoba hivi, na tena 22 Februari hivi, jua la saa sita husimama utosini kabisa. Macho yanazama gizani, kivuli cha pua kinadondokea mdomoni. Naanza saa 12:30 asubuhi na kufunga saa 2:30. Mikindani naipendea kuta zake za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa. Nakusimamisha kivulini, uso umeelekea ukuta unaopigwa na jua, na ukuta wenyewe unakumwagia mwanga laini mpaka mboni za macho zinang'aa. Hakuna taa yangu inayofanya hivyo. Ufukweni Shangani, Mtwara mjini, ni pazuri pia, ila msimu wa kusi upepo ukichangamka nywele hazishikiki.

Shati jeupe pepe liache nyumbani. Kamera ikiachwa ijipimie, huona weupe mwingi ikapunguza mwanga, na sura nyeusi ikapotea. Rangi ya haradali, ya udongo au kijani kilichokolea huipa ngozi yetu heshima yake. Mistari myembamba iliyosongamana nayo hapana, huleta mawimbi ya ajabu pichani. Nguo tatu zinatosha, zilizopigwa pasi.

Usisuke jana yake. Nywele zilizovutwa huacha vipele kwenye paji, na kamera inavihesabu kimoja kimoja. Suka siku nne au tano kabla. Usijaribu krimu mpya wiki hiyo. Na kama nitatumia flashi, epuka fandesheni yenye kinga ya jua: nyingi zina madini yanayorudisha mwanga, uso unatoka na rangi ya majivu huku shingo ikibaki yako. Mafuta ya mgando paka miguuni na mikononi, usoni kidogo sana.

Kabla ya mapambo yoyote napiga picha kavu: uso mtupu, nywele zimebanwa nyuma, fulana na suruali za rangi moja. Mbele, ubavuni, mgongoni, kisha mwili mzima. Wakala wa wanamitindo huzitazama hizi kuliko zote, kwa sababu anataka kujua umbo lako lilivyo. Flaviana Matata alipoiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe mwaka 2007 alipanda jukwaani na kipara, akaingia kumi bora. Sura yake ilitosha. Urefu wako pima bila viatu, uandike kama ulivyo. Siku ya usaili watapima upya.

Kama hujafikisha miaka 18, mzazi au mlezi aje, na akae mahali anapokuona muda wote. Hata aliyefikisha, njoo na ndugu. Tuandikiane picha zitatumika wapi. Mtu akikudai pesa ya "usajili" kwa ahadi ya kazi za nje, mwache aende zake. Wakala wa kweli hula asilimia ya kazi aliyokupatia.

Usiku kabla ya picha kula mapema, punguza chumvi ili macho yasivimbe, na ulale. Begi lifungwe usiku huo: nguo tatu, viatu, leso safi ya jasho, maji, khanga ya kubadilishia. Saa 12 kamili nitakuwa nimeshafika, nakungoja na kamera begani.